Mbele ya Afisa Mikopo, Taja na ya Mwakani

Fomu ya mkopo wa nyumba ina kurasa nyingi, na wateja wangu huzijaza taratibu, wakiulizana namba za vitambulisho, wakihesabu sifuri za mshahara kwa ncha ya kalamu. Wakifika pale panapouliza kama wanategemea mabadiliko yoyote yatakayogusa kipato au matumizi yao, mwendo unabadilika ghafla. "Hakuna." Fomu inarudi mezani kwangu imekamilika. Mtu anaomba kulipa kwa miaka 15, na ndani ya miaka hiyo yote hatazaa, hataumwa, hatahamishwa, hatastaafu, hataongeza mke, wala mama mkwe hatahamia kwake.

Nakaa Kamanga, upande wa Sengerema, na asubuhi za kazi navuka na kivuko kuingia mjini Mwanza. Watu wa kwetu wananijua ni mtu wa benki, kwa hiyo benchi la kivuko limekuwa ofisi yangu ya pili. "Mwangaluka, mayu," mtu ananisalimia, anakaa, anaanza na habari za mvua. Kabla hatujakaribia miamba ya Bismarck nimeshajua kwamba mkataba wake huko mgodini Geita unaisha Desemba, au kwamba mdogo wake amefaulu na ada ni juu yake. Yote anayataja mwenyewe, bila kuulizwa. Akija ofisini wiki inayofuata, anaandika hakuna.

Sisemi watu wetu ni waongo. Ujauzito wa miezi miwili hautangazwi kwa jirani, seuze kwa benki. Kuyataja maradhi ni kuyakaribisha, ndivyo tulivyolelewa. Na ipo hofu yenye msingi: ukisema ukweli, utanyimwa. Hofu hiyo mara nyingine tunaipalilia sisi wenyewe wa upande wa pili wa meza. Nimewahi kumsikia mwenzangu wa kazi, mwenye malengo ya mwezi ya kutimiza, akimnong'oneza mteja: "Dada, hapo andika hakuna, tusicheleweshane." Afisa alipata namba yake ya mwezi ule. Dada akaondoka na makato ya miaka.

Wengi wanadhani wakificha jambo wameipiga benki chenga. Benki ina hati yako kabatini. Ukishindwa kulipa, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, pamoja na marekebisho ya 2008 yaliyoletwa kwa ajili ya mikopo ya nyumba, inaitaka ikupe ilani ya siku 60. Zikipita bila malipo, dalali anaweza kuitwa. Benki itasumbuka, itaandika barua, itapoteza kidogo au isipoteze. Wewe utatoka kwenye nyumba. Kwa hiyo lile swali linamhusu zaidi anayelijibu kuliko anayelisoma.

Tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo mambo yanapoonekana. Soko la mikopo ya nyumba lilipoanza kuchangamka mwaka 2010, pale ilipoundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu, riba zilikuwa kati ya asilimia 22 na 24. Zimeshuka, nyingi sasa ziko kati ya 13 na 19. Chukua asilimia 15. Mkopo wa shilingi milioni 60 kwa miaka 15 unadai rejesho la kama 840,000 kila mwezi. Ukijumlisha hadi mwisho, umelipa zaidi ya milioni 151.

Mume na mke walikuja na maombi ya kiasi hicho hicho. Mume mwalimu, mkewe muuguzi wa hospitali binafsi. Mkononi mume alikuwa anabaki na laki tisa, mke laki nane. Milioni 1.7 kwa pamoja, rejesho 840,000: karatasi inapita. Mume akajaza fomu, akaandika lile neno, akageuza ukurasa. Mke akaurudisha. Akaweka kidole juu ya jibu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, na chuo?" Mume akatazama dirishani. Ndipo nikaoneshwa barua kwenye simu: mke amekubaliwa kusoma shahada ya uuguzi Bugando, miaka minne, na mwajiri amekubali kumshikia nafasi, mshahara hapana.

Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake mbele yao. Laki tisa kutoa 840,000. Zinabaki 60,000 za kula, nauli na ada, watoto wawili, kwa miaka minne. Mwalimu alizitazama zile 60,000 kwa muda, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Tukapiga upya kwa milioni 40: rejesho linakuja kama 560,000, zinabaki 340,000. Ni kubana, lakini watu wanaishi. Kiwanja chao cha Buhongwa kikapata nyumba ya vyumba viwili na sebule badala ya vinne, na ramani yenye mahali pa kuongezea. Mke akisharudi kazini na shahada yake, wanaweza kuomba nyongeza. Wangeandika hakuna, benki ingewapa 60 bila kinyongo.

Swali la ujauzito huniletea mabishano hata na wenzangu wa kazi. Marekani, kanuni zilizotokana na sheria yao ya usawa katika mikopo ya 1974 zinamkataza mkopeshaji hata kumuuliza mwombaji kama ana mpango wa kuzaa. Uingereza, tangu Aprili 2014, mkopeshaji anatakiwa kuangalia mabadiliko ya kipato na matumizi yanayotarajiwa kumfika mteja huko mbele. Mataifa mawili yanayofanana kwa mengi yamelitazama jambo moja kwa macho tofauti, na kila moja lina sababu yake: moja linaogopa mwanamke asibaguliwe, jingine linaogopa familia isielemewe.

Kwetu, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Mwenye ajira rasmi, basi, hashuki mshahara kwa sababu ya kujifungua. Afisa anayemnyima mkopo muuguzi kwa sababu ana tumbo hajui kazi yake. Lakini mama anayeuza samaki Mwaloni Kirumba hana wa kumlipa siku 84. Siku asiyokwenda mwaloni ni siku ya sifuri. Huyo namwomba aniambie, na akiniambia tunaanza rejesho kwa kima cha chini au tunapunguza mkopo. Nikijua ndio naweza kupanga. Mtoto mwenyewe, kwa vyovyote, ni wa miaka 18 na zaidi: ada, sare, bima ya afya. Siku 84 ni sehemu ndogo sana ya hesabu yake.

Mabadiliko makubwa kuliko yote huku kwetu yalijengwa ziwani, hadharani. Desemba 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi. Nguzo zikapanda moja baada ya nyingine, na Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalifungua: kilomita tatu za barabara juu ya maji, likabeba jina la Magufuli mwenyewe. Kabla ya hapo, gari lililofika Kigongo lingeweza kusubiri kivuko saa mbili au zaidi. Kusubiri kule kulikuwa uchumi wa watu: mahindi ya kuchoma, sato wa kukaanga, chai ya rangi, chaji ya simu, na gesti za waliokosa kivuko cha mwisho.

Mwaka 2022 mzee mmoja mwenye gesti na mgahawa upande wa Busisi alitaka kujenga nyumba ya familia kwa mkopo wa miaka 12. Kipato alichokileta ni cha vyumba vya gesti, kimeandikwa vizuri, na risiti zipo. Mabadiliko yanayotarajiwa: hakuna. Nikamuuliza, "Baba, daraja likifunguliwa, nani atalala kwako?" Akanicheka. "Mradi wa serikali huo, mama. Tutazeeka haujaisha." Nguzo zilikuwa zimeshasimama majini, alikuwa akiziona kila alipofungua dirisha la mgahawa. Sikuweza kuupitisha ule mkopo kwa miaka 12. Alikwenda kwingine, akaupata. Sasa magari yanapita bila kuzima injini, vyumba vyake amevigeuza vya kupangisha kwa mwezi, na bei ya mwezi haifikii ya usiku mmoja mmoja. Rejesho liko pale pale. Sehemu ya lawama naiweka kwa aliyemkopesha, maana naye alikuwa na macho.

Sisi wa Kamanga tusimcheke mzee huyo. Kivuko chetu bado kinamwingiza mtu moja kwa moja katikati ya jiji, na hilo daraja haliwezi. Lakini anayepangisha fremu kwa kutegemea foleni ya malori gatini, akija kwangu nitamuuliza swali lile lile nililomuuliza mzee wa Busisi.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni mvuvi wa dagaa. Alikuja na kaunta buku iliyovimba kwa unyevu, inanuka dagaa kiasi kwamba mlinzi alimsindikiza hadi mezani kwangu kwa wasiwasi. Kila ukurasa ni mwezi mmoja. Siku za giza zimejaa namba: ndoo alizoshusha, petroli, betri za taa, mgawo wa vijana. Siku za mbalamwezi, ambazo dagaa hawafuati taa, hazina namba. Amechora duara kwa wino mwekundu tu, duara baada ya duara, na pembeni mara moja moja "ziwa limechafuka" au "nyavu zimechanika". Nikapekua miezi mingi. Ilikuwa taarifa ya fedha safi kuliko nyingi nilizoletewa na wahasibu, na ilikuwa inaonesha kitu ambacho taarifa ya mhasibu haioneshi: kwamba mwezi mpevu utarudi, na utarudi tena.

Kwenye swali la mabadiliko hakuandika hakuna. Aliandika hadi nje ya kisanduku. Mtoto anaingia kidato cha tano. Mtumbwi mmoja umezeeka. Anafikiria vizimba vya sato. Magoti yanauma na hategemei kuingia ziwani mwenyewe baada ya miaka mitano. Kiwanja chake cha Kamanga kina hati ya kimila, na kwa mkopo wa nyumba benki nyingi zinasita kuishika, hivyo dhamana ikawa kiwanja kilichopimwa mjini. Rejesho hatukulipanga kwa wastani wa mwaka, kama wengi wanavyofanya. Tulilipanga kwa mwezi wake mbaya kuliko yote kwenye lile daftari. Miezi mizuri analipa ziada, baada ya kuuliza kwanza kama kulipa mapema kuna tozo. (Uliza. Wengine wanatoza.)

Watumishi wa umma wana kinga yao wanayoiita moja ya tatu: makato yasimwache mtu na chini ya theluthi ya mshahara wa msingi. Kinga hiyo inatazama mshahara wa leo. Haijui unataka kustaafu lini. Umri wa hiari ni 55, wa lazima 60, na benki hupanga mkopo usipite 60. Mtu ana miaka 48, anasaini mkopo wa miaka 12, na moyoni ameshaamua kwamba akifika 55 anarudi kufuga ng'ombe Sengerema, mafao yatamalizia deni. Kwenye fomu: hakuna.

Hebu ona yaliyowakuta waliotegemea mafao. Kabla ya mifuko ya pensheni kuunganishwa mwaka 2018, wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wanalipwa nusu ya mafao kwa mkupuo. Kanuni za 2018 zikaishusha nusu hiyo hadi asilimia 25. Desemba ya mwaka huo huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa kundi la nusu, na 35 kwa wa mifuko mingine, waliokuwa wakilipwa robo. Neno kikokotoo, hiyo hesabu ya mafao, likaingia hadi kwenye mazungumzo ya harusini. Mstaafu aliyepanga kumaliza deni la nyumba kwa ile nusu alijikuta na kazi nyingine kabisa. Hapa sisemi angejua kanuni zitabadilika, asingejua. Ninachosema ni kwamba aliijua tarehe yake ya kustaafu, na angeitaja tungemaliza mkopo kabla ya tarehe hiyo, mafao yabaki yake.

Vijana wa ajira mpya nao wana la kwao. Aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, lakini yupo ambaye makato hayajaanza kwa kuwa mwajiri wake hajampeleka jina. Anajiona ana mshahara mzima. Bodi itamfikia tu.

Sasa niingie nyumba ya watu. Kuna jambo moja ambalo sheria haikuliacha kwenye hiari ya mkopaji, nalo ni ndoa. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, na ni wajibu wa mwombaji kusema kama ana mwenzi au hana. Anayetoa kwa makusudi taarifa za uongo kuhusu kuwepo kwa mwenzi, kwa hati ya kiapo au maandishi yenye shahidi, anatenda kosa. Faini yake haipungui nusu ya fedha za mkopo, au afungwe. Nimeona wanaume wakitokwa jasho hapo kwenye kiapo, feni ikiwa inazunguka.

Sheria hiyo inahusu mke aliyepo. Mke ajaye hayumo. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi, na Usukumani hilo si jambo la vitabuni. Mwanaume anayepanga kuoa wa pili mwakani anajua kabisa kwamba mahari inakuja, kodi ya nyumba nyingine inakuja, na mezani kwangu amekaa na mke wa kwanza ambaye hana habari. Siwezi kumlazimisha aseme mbele yake. Huwa namwambia kila mteja wa kiume, bila kumlenga yeyote, kwamba namba yangu ya simu iko kwenye kadi na anaweza kuniomba nipunguze kiasi cha mkopo bila kueleza sababu. Hupigiwa simu nyingi kuliko mnavyofikiri.

Mtu atauliza: kwa hiyo nitaje kila kitu kinachopita kichwani? Hapana. Unachowaza ni chako. Unachokijua ndicho kinachotakiwa: mkataba wenye tarehe ya mwisho, barua ya uhamisho uliyoomba, ujauzito, chuo, kustaafu, udhamini uliomwekea shemeji kwenye SACCOS. Maradhi yana fomu yake, ile ya bima ya mkopo. Bima hiyo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, lakini kampuni ya bima ikikuta sukari au presha uliyoificha inaweza kukataa kulipa, na fomu hiyo itasomwa na mjane wako, wewe hupo.

Na ukweli huo uwe wa pande mbili. Ukishaniambia ya kwako, niulize ya kwangu. Riba hii imefungwa au inaelea? Ikiwa inaelea, ikipanda hadi asilimia 17, rejesho la zile milioni 60 linatoka 840,000 linakwenda kama 923,000, je, unaweza? Afisa akikujibu "haiwezi kupanda", mwambie aandike hivyo kwenye barua ya mkopo uone. Mimi nimeulizwa hivyo na mama mmoja muuza vitenge, na nilimheshimu sana kuanzia siku hiyo.

Mabadiliko yakija baada ya kusaini, yale ambayo hakuna aliyeyajua, njoo kabla ya rejesho la kwanza kukwama. Mkopo unaweza kupangwa upya, ukaongezewa muda, ukapunguzwa rejesho. Mei 2020, korona ilipovuruga biashara, Benki Kuu yenyewe ilizipa benki nafasi ya kupanga upya mikopo ya walioathirika, na waliofaidika mapema ni wale waliofika kaunta mapema. Ukipitisha siku 90 bila kulipa, mkopo unahesabiwa chechefu, jina lako linakaa vibaya kwenye kumbukumbu za taarifa za mikopo, na hapo ndipo watu wanapokimbilia mikopo ya mitaani ya kausha damu kuziba rejesho la benki. Njoo na barua ya mwajiri, au kaunta buku, au cheti cha daktari. Njoo na mwenza wako, kama mnaongea. Jumatatu huwa kuna foleni. Siku nyingine za wiki, hasa mchana, utanikuta nina nafasi ya kupiga hesabu na wewe nyuma ya karatasi.